Vidonge vya Guangzhou, usingizi uliopotea na presha inayopanda

SWALI: Nina miaka 44, naishi Tanga. Kila asubuhi napiga chafya mfululizo, pua inachuruzika na macho yanawasha. Daktari alisema ni aleji, akanipa setirizini. Tangu mwaka jana nina msongo wa mawazo wa kazi na wa nyumbani. Naamka saa nane usiku na sipati tena usingizi. Shemeji yangu anayefanya biashara Guangzhou aliniletea vidonge vya Kichina viitwavyo Bi Yan Kang, na pua imetulia kuliko wakati wowote. Kwa ajili ya usingizi, kliniki moja ya tiba ya Kichina ilinipa mifuko ya mizizi ya kuchemsha pamoja na chupa ya vidonge vidogo vyekundu isiyo na lebo, dozi ya miezi mitatu. Natumia amlodipini ya presha. Presha ilikuwa imetulia, lakini vipimo viwili vya mwisho vimepanda. Je, naweza kuacha setirizini sasa kwa kuwa nimepata dawa isiyo na kemikali? Na hizi dawa za Kichina kweli zinatibu msongo na aleji, au ni biashara tu?

JIBU: Dada yangu, pole kwa chafya, na pole zaidi kwa usingizi. Maswali yako nitayajibu yote, ila naanza na presha kwa sababu hiyo haisubiri.

Vidonge vya Bi Yan Kang navifahamu vizuri. Nilisomea ufamasia hukohuko Guangzhou, na maduka ya dawa ya mji ule huviuza kama sisi tunavyouza panadoli; mtu mwenye mafua sugu huingia, hutaja jina, hulipa na kuondoka. Shemeji yako hakukuletea dawa bandia. Amekuletea dawa halali, iliyosajiliwa na serikali ya China. Lakini siyo uliyodhani.

Geuza boksi utazame orodha ya viambato. Utakuta majina ya mimea, moja baada ya jingine, na mwishoni jina refu kuliko yote: 马来酸氯苯那敏. Hiyo ni klofeniramini, yaani piritoni, ileile ya vidonge vya njano ambavyo mama zetu walitupa tukipata mafua. Kila kidonge cha Bi Yan Kang kina miligramu 1, na maelekezo ya kawaida ni vidonge 4 mara 3 kwa siku. Jumla ni miligramu 12, sawasawa na kumeza piritoni kamili asubuhi, mchana na jioni. Kwa hiyo hukuhama kutoka kwenye kemikali kwenda kwenye mitishamba. Umeongeza dawa ya aleji ya zamani juu ya setirizini, nazo mbili hizo ni za kundi moja. Kama mdomo unakauka na mchana kichwa kinakuwa kizito, sababu huenda ni hiyo.

Sasa tafuta kwenye orodha hiyohiyo herufi hizi mbili: 麻黄. Husomwa ma huang, nao ni mmea wa efedra. Wachina wameutumia kwa pumu na pua iliyoziba kwa zaidi ya miaka 2000, na haukudumu muda wote huo bila sababu. Mwaka 1885 mkemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake kiini kinachoitwa efedrini. Mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, wakifanya kazi Beijing, walichapisha jinsi kinavyofanya kazi mwilini, na hospitali za Ulaya na Marekani zikaanza kukitumia kwa wagonjwa wa pumu. Efedrini hubana mishipa ya damu ndani ya pua, uvimbe ukapungua na hewa ikapita. Ila haichagui mishipa ya pua peke yake. Hubana mingine pia, huharakisha moyo, hupandisha presha, na humkesha mtu. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004, baada ya watu waliovitumia kupunguza unene na kuongeza nguvu kupata kiharusi na matatizo ya moyo, wengine kufa.

Unaona tunakoelekea. Pua imetulia, presha imepanda, saa nane usiku macho makavu. Siwezi kuapa kwa mbali kwamba vidonge hivyo ndivyo vilivyofanya yote matatu, maana msongo wenyewe unaweza kupandisha presha na kufukuza usingizi, na umeniambia ulianza mwaka jana. Lakini mtu mwenye presha hapaswi kumeza ma huang, basi. Acha vidonge hivyo leo. Endelea na amlodipini yako bila kuruka hata siku moja, pima presha asubuhi na jioni kwa wiki moja, andika namba, na mpelekee daktari daftari hilo pamoja na boksi. Madaktari wengi hawaulizi habari za dawa za Kichina, na wagonjwa wengi hawasemi, kwa kuogopa kugombezwa. Wewe sema.

Katika orodha hiyo kuna mawili mengine ya kujua. La kwanza ni cang er zi, mbegu ya lile gugu lenye matunda ya miba yanayong'ang'ania nguo ukipita porini. Ikikaangwa vizuri na kutumiwa kwa muda mfupi ni dawa ya pua ya siku nyingi. Ikitumika mbichi, nyingi, au mfululizo, huumiza ini. La pili ni unga wa nyongo ya nguruwe, 猪胆粉. Sijui dini yako, ila unaishi Tanga, na najua wasomaji wengi wangetaka kuambiwa hilo kabla ya kumeza.

Bi Yan Kang haiko peke yake. China ina dawa nyingi zilizosajiliwa kama za jadi ilhali zimechanganywa na dawa za hospitali waziwazi. Gan Mao Ling ya mafua, ile maarufu ya unga, ina parasetamoli na klofeniramini. Zhen Ju Jiang Ya ya presha ina klonidini na haidroklorothiazidi. Xiao Ke Wan ya kisukari ina glibenklamidi, na mgonjwa anayeimeza huku tayari ana dozi yake ya kisukari anaweza kuzimia kwa sukari kushuka. Hakuna aliyekudanganya hapo. Yote yameandikwa kwenye boksi. Yameandikwa kwa Kichina tu, na anayelifungua yuko Tanga, Mombasa au Bukavu. Simu yako ina programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera. Itumie kabla ya kidonge cha kwanza.

Vile vidonge vyekundu vya chupa isiyo na lebo visimeze tena. Siishutumu kliniki yako, kwa sababu sijaviona. Lakini kuna sababu ya mimi kushtuka nikisikia vidonge vyekundu vya usingizi. Katika tiba ya Kichina, dawa kadhaa za zamani za kutuliza moyo na akili huwekwa zhu sha, jiwe jekundu lililosagwa, ambalo kikemia ni zebaki na salfa. Zhu Sha An Shen Wan imebeba jina la jiwe hilo, na vidonge vya Tian Wang Bu Xin Dan kwa desturi hupakwa unga wake kwa nje, ndiyo maana huwa vyekundu. Watengenezaji wengi wa siku hizi wanaouza nje ya China wameuacha, lakini chupa isiyo na lebo haikuambii imetoka kwa nani. Zebaki hujikusanya kwenye figo na mishipa ya fahamu, na miezi mitatu si michache. Huenda ni rangi ya sukari tu. Kliniki ikuandikie jina la dawa na mtengenezaji wake. Ikishindwa, mwonyeshe daktari chupa hiyo, umwombe akupime figo.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini chupa tupu. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walipima krimu 11 za Kichina za ngozi zilizouzwa kama mitishamba, wakakuta 8 kati yake zina deksamethasoni, steroidi kali. Ubelgiji yalikuwa makubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels walipewa vidonge vilivyotakiwa kuwa na mzizi wa han fang ji. Badala yake ukawekwa guang fang ji, wenye jina linalofanana, lakini ndani yake mna sumu iitwayo asidi ya aristolokia. Zaidi ya watu 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo ilikuwa Ulaya, kliniki yenye madaktari na viti vya ngozi. Majina mawili tu yalichanganywa.

Tuje kwenye mifuko ya mizizi. Hapa ndipo ilipo tiba ya Kichina yenyewe, na hapa nina mazuri ya kusema.

Daktari wa Kichina aliyefundishwa vizuri hatibu "msongo" wala "aleji" kama majina ya ugonjwa. Hutazama ulimi, hushika mkono na kusikiliza mapigo kwa vidole vitatu, huuliza unasikia baridi au joto, hedhi ikoje, choo kikoje, unaamka saa ngapi. Wazee wa pwani hawatashangaa. Nao hugawa vyakula na maradhi kuwa vya moto na vya baridi, na hukataza nazi au samaki fulani kwa mgonjwa fulani. Msongo, kwa lugha ya Wachina, mara nyingi ni qi, yaani nguvu ya uhai, iliyokwama kwenye ini: mtu anashusha pumzi kila saa, kifua kimebana, anakasirika haraka, tumbo linajaa gesi. Chafya za asubuhi huwa ni udhaifu wa qi inayolinda ngozi na pua, mlango ulioachwa wazi upepo ukaingia. "Ini" na "mapafu" wanayoyasema si yale utakayoyaona kwenye picha ya altrasaundi. Ni ramani ya zamani ya dalili, na mimi huichukua hivyo: inasaidia kuchagua dawa, haikuambii ini lako lina nini.

Kwa hali yako nakisia ulipewa Xiao Yao San au jamaa yake, kwa kuwa ndiyo dawa inayoandikwa mno kwa mwanamke mwenye msongo na usingizi mbaya. Imo katika kitabu cha dawa cha serikali cha enzi ya Song, karne ya 12, na viambato vyake ni vinane: mizizi ya chai hu, dang gui, peoni nyeupe na bai zhu, uyoga wa fu ling unaoota kwenye mizizi ya misonobari, mzizi mtamu wa gan cao, ambao ni likorisi, kipande cha tangawizi, na nanaa kidogo. Chai hu ndiyo inayoongoza, ikifungua kilichokwama. Dang gui na peoni hulainisha ukali wake. Bai zhu na fu ling hushughulika na tumbo. Likorisi hupatanisha wote. Ukitaka kumjaribu mpishi mwenyewe, mwulize nanaa inaingia lini. Anayejua atasema dakika za mwisho kabisa, kwa sababu mafuta yake hupotea na mvuke. Anayekwambia uchemshe vyote pamoja saa nzima hajui anachouza.

Chungu kiwe cha udongo, au sufuria ya enameli au kioo. Chuma na alumini huepukwa. Mizizi hulowekwa kama nusu saa, huchemshwa, maji huchujwa, kisha huongezwa maji mengine na kuchemshwa tena, na maji ya mara zote mbili huchanganywa ndipo yagawanywe ya asubuhi na jioni. Ni chungu kama shubiri.

Tatizo lako wewe ni ule mzizi mtamu. Likorisi ina glisirizini, ambayo huzuia kimeng'enya kwenye figo kinachovunja homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli ikibaki, figo huanza kushika chumvi na maji na kumwaga potasiamu. Matokeo yake presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea. Katika Xiao Yao San kiasi chake ni nusu ya mizizi mingine, na kwa mtu mzima asiye na presha wiki chache si neno. Kwako wewe, miezi mitatu kila siku, na presha inapanda tayari, sikubali. Na kama siku moja daktari atakuongezea dawa ya kukojoza, potasiamu itashuka kwa njia mbili kwa pamoja, na hapo moyo unaweza kwenda mrama. Mwenye kliniki anaweza kuutoa mzizi huo au kuupunguza. Tiba ya Kichina inaruhusu, ndiyo kazi yake hasa. Asipokuwa na habari kwamba una presha, basi hakukuuliza, na hilo nalo ni jibu.

Kama dawa yako ina pia zhi zi, tunda la gadenia, ambalo huongezwa mgonjwa akiwa na hasira na joto, usiifanye ya miaka. Wajapani, wanaotumia mchanganyiko huo sana kwa wanawake wa umri wetu, wamegundua kwamba watu waliounywa miaka mingi mfululizo walipata ugumu wa mishipa ya utumbo mpana, na sasa boksi zao zina onyo.

Nimewataja Wajapani kwa makusudi. Walichukua dawa hizi kutoka China karne nyingi zilizopita, wakaziita kampo, na tangu mwaka 1976 bima yao ya afya ya taifa hulipia kwa mapana michanganyiko iliyokaushwa viwandani. Leo iko 148. Kila pakiti ina kiasi kinachojulikana, na anayeiandika ni daktari wa kawaida wa hospitali, yuleyule anayekuandikia amlodipini. Ukiniuliza wapi mizizi hii imetendewa haki, nitakutajia huko kabla ya kliniki yoyote ya mtaani, iwe ya Kariakoo au ya London.

Je, zinatibu? Nakujibu kwa kila kimoja, kwa sababu "dawa za Kichina" kwa jumla hazina jibu.

Kwa pua yenye aleji, ushahidi wenye uzito niujuao umetoka Japani. Mwaka 1995 walijaribu Xiao Qing Long Tang kwa wagonjwa zaidi ya 200 wa aleji ya pua, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge mfu, yaani kisicho na dawa ndani, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Waliopewa dawa walipata nafuu kuwazidi wenzao. Habari mbaya ni kwamba mchanganyiko huo una ma huang na likorisi vyote viwili. Ndiyo kusema dawa ya Kichina yenye ushahidi mzuri kwa pua yako ndiyo usiyoweza kuinywa.

Ipo nyingine ya upole, Yu Ping Feng San, yenye vitu vitatu tu: huang qi, bai zhu na fang feng. Haina ma huang wala likorisi. Huandikwa kwa watu wanaoshikwa na mafua kila hali ya hewa ikibadilika, nao huinywa wiki kadhaa kabla ya msimu wao. Majaribio yake ni mengi, karibu yote ya China, mengi madogo na yasiyofichwa vizuri nani kapewa nini, kwa hiyo nafuu inayoripotiwa naipokea kwa tahadhari. Kama unataka kitu cha Kichina kwa pua, ningeanza na hiki, juu ya matibabu yako ya kawaida wala si badala yake, na daktari akijua.

Aleji ya chakula ni habari nyingine. Wasomaji wengine wameniuliza kuhusu watoto wanaovimba midomo kwa karanga au kamba. Dakta Xiu-Min Li na wenzake wa Mount Sinai, New York, walitengeneza dawa ya mimea iitwayo FAHF-2, ikafanya maajabu kwa panya. Walipoijaribu kwa watu 68, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha ni salama lakini haikushinda kidonge mfu. Nawaheshimu kwa kuyachapisha. Mtoto wa aleji ya karanga asinyweshwe mizizi halafu akapewa karanga kujaribu.

Kwa msongo na usingizi, Xiao Yao San na Suan Zao Ren Tang zina tafiti nyingi zinazoelekea upande wa nafuu, ila ubora wake ni uleule wa kusuasua. Suan Zao Ren Tang inatoka kwa tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, miaka ya 200 hivi, na kiini chake ni mbegu za kunazi pori zilizokaangwa na kupondwa. Mti wake ni ndugu wa mkunazi wetu wa pwani, ule ambao majani yake tunaoshea maiti. Ni ndugu, siyo uleule. Usiende kuponda mbegu za kunazi za uani kwako ukitarajia usingizi. Katika uzoefu wangu dawa hii husaidia wasiwasi mdogo wa usiku, haimtoi mtu kwenye sonona. Kama unalia bila sababu, huna hamu na chochote, au umewaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo siyo kazi ya mizizi wala ya setirizini. Nenda hospitali, uwaambie kama ulivyo.

Uliuliza kama ni biashara tu. Kuna biashara, tena kubwa. Lakini dawa mseto ya malaria unayoikuta kila zahanati, ALU, ni mtoto wa tiba hii. Mwaka 1967 China ilianzisha kazi ya siri iliyoitwa Mradi 523, na mtafiti wa dawa Tu Youyou na wenzake wakapekua vitabu vya kale kutafuta dawa ya malaria. Mmea uitwao qinghao, ukichemshwa, uliwaangusha mara kwa mara. Kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 kilielekeza kuuloweka mmea na kukamua maji yake, hakikusema kuchemsha. Tu akahisi moto ndio unaoharibu dawa, na mwaka 1971 akatumia etha kwa joto dogo. Akapata Nobel mwaka 2015. Kilichotuokoa sisi watu wa Muheza na Kisumu hakikuwa chai ya qinghao, ambayo Shirika la Afya Duniani halishauri mpaka leo kwa malaria. Kilikuwa kiini kilichotolewa, kikapimwa kwa miligramu, kikaunganishwa na dawa ya pili. Ndiyo maana sikubali kuitwa adui wa tiba ya Kichina, na sikubali pia kumeza kisichojulikana kiasi chake.

Sasa pua yako ya Tanga. Chafya za asubuhi mfululizo, mwaka mzima, mara nyingi ni wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye godoro na mito, nao wanaupenda unyevu wa pwani. Hakuna mzizi utakaowashinda huku umelala juu yao. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, anika godoro na mito juani, ondoa zulia chumbani, tazama ukungu kwenye kona za ukuta na mende jikoni. Rudi kwenye setirizini peke yake, na mwombe daktari dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni au flutikasoni. Hiyo huhitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja au mbili. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Zile dawa za matone za kuzibua pua hapohapo usizidishe siku tano, maana zikiisha pua huziba kuliko mwanzo, na zenyewe pia si rafiki wa presha.

Usingizi: Bi Yan Kang ikitoka mwilini unaweza kurudi wenyewe kwa sehemu. Subiri wiki moja au mbili uone kabla ya kuongeza chochote. Amka saa ileile hata kama ulikesha, chai ya rangi na kahawa mwisho mchana, na ukiamka saa nane usibaki kitandani ukihesabu madeni. Toka, kaa sebuleni pasipo simu mpaka macho yawe mazito.

Ukipenda ladha ya China nyumbani, kunywa chai ya maua ya krisantemu, tangawizi na kunazi nyekundu zilizokaushwa, au uweke matunda mekundu ya gou qi kwenye uji. Wachina wenyewe huvihesabu kuwa chakula, na kwako sioni ubaya. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiye asiguse gou qi wala dang gui bila kumwambia daktari, kwa sababu damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Kitu kimoja ambacho labda utauziwa kama cha kuongeza damu na kung'arisha uso ni ejiao, gundi inayopikwa kutokana na ngozi za punda. Kwa sababu yake punda wetu waliibwa na kuchinjwa kiasi kwamba Tanzania na Kenya zilichukua hatua dhidi ya machinjio, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha katazo la biashara ya ngozi zao bara zima. Kama damu ni pungufu, kapime, unywe dawa ya madini ya chuma. Ni rahisi na inajulikana inavyofanya kazi.

Ukirudi kliniki, nenda na vitu viwili: daftari la presha na karatasi tupu. Waombe waandike kila kilichomo kwenye mifuko, jina kwa jina, na gramu zake, kwa Kichina au kwa herufi zetu, vyovyote. Daktari mzuri wa Kichina ataandika bila kinyongo. Nilikosoma, kila mgonjwa hutoka na karatasi hiyo mkononi. Uliza pia kama wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na waonyeshe cheti. Wakiandika, nitumie karatasi hiyo niisome pamoja na daktari wako. Wakisema ni siri ya ukoo, waachie mifuko yao, na miezi iliyobaki usiilipie.